Tomonoura, Bandari ya Kungojea Maji

Bahari ya Seto, iliyofungiwa kati ya visiwa vikubwa vitatu vya Japani, yaani Honshu, Shikoku na Kyushu, ina tabia yake peke yake katika kujaa na kupwa. Maji yanapojaa huingia kwa milango miwili, mmoja wa mashariki na mmoja wa magharibi, yakapenya kati ya visiwa vidogo mamia kwa mamia, yakazidi kusogeleana hata yakakutana katikati. Na yanapokupwa hutengana pale pale yalipokutania, kila upande ukarudi kwa mlango wake. Makutano hayo yako mbele ya mji mdogo wa wavuvi uitwao Tomonoura, au Tomo kwa ufupi, katika jimbo la Hiroshima. Ni mji usio na mto mkubwa, wala mashamba ya kutosha, wala madini, na ambao pengine usingalijulikana na mtu zaidi ya wavuvi wake lau maji hayo yangalikutana maili chache mbali nao.

Katika zama za matanga na makasia, nahodha aliyetoka Osaka kuelekea magharibi, au aliyetoka Kyushu kuelekea mji mkuu, alipanda maji yanayojaa yakamchukua hadi Tomo, akatia nanga, akangoja yasimame na kugeuka, kisha akang'oa nanga na kwenda zake na maji yanayokupwa, ambayo sasa yalielekea kule kule alikokuwa akienda. Upepo ukiwa mzuri alingoja saa chache. Ukiwa wa omo, au tufani ikitisha, alingoja siku nyingi. Na watu waliokaa wakingoja wana haja nyingi: wanataka maji ya kunywa, kuni, mchele, kamba na misumari, mwenye shehena anataka mnunuzi, mgonjwa anataka dawa, mcha Mungu anataka hekalu, na baharia mwenye ujira mpya kibindoni anataka mambo ambayo waongozaji wa wageni hawapendi sana kuyataja. Tomo ilitosheleza haja hizo kwa muda wa zaidi ya miaka elfu, ikapata utajiri usiolingana kabisa na ukubwa wake.

Siku hizi mji huo hutembelewa na wageni wa namna nyingine, wanaofika kwa basi kutoka stesheni ya Fukuyama, mwendo wa nusu saa hivi, wakapokewa na mwenyeji, aghalabu mtu mzima aliyekwisha kustaafu kazi yake, akawapitisha kwa miguu katika vichochoro na kuwasimulia yaliyopita. Matembezi ya namna hii yameenea katika bandari nyingi za kale za Japani, na mengi yao hayana neno la kusema isipokuwa kwamba nyumba hii ni ya kale na ile ni ya kale zaidi. Ya Tomo ni tofauti, kwa sababu karibu kila kitu kinachoonyeshwa kina kazi yake, na kazi zote hizo zina asili moja, nayo ni kungoja.

Ushahidi wa maandishi ni wa zamani sana. Katika mwaka 730 Otomo no Tabito, liwali wa serikali ya Kyushu, alipita hapo akirudi mji mkuu, naye alikuwa amefiwa na mkewe huko alikokuwa akitumikia. Mti aliokuwa ameutazama pamoja naye walipokuwa wakienda aliukuta ungali umesimama juu ya pwani, na mashairi aliyotunga kwa huzuni hiyo yamehifadhiwa katika Man'yoshu, diwani ya kale kupita zote za lugha ya Kijapani. Mwaka 1336 jemadari Ashikaga Takauji, akiwa amekimbia vita, alipokea Tomo waraka wa mfalme mstaafu uliompa uhalali wa kurudi kupigana, na kutokana na ushindi wake ikazaliwa serikali ya ukoo wa Ashikaga. Mwaka 1576 shogun, yaani mtawala wa kijeshi, wa mwisho wa ukoo huo huo, Yoshiaki, aliyefukuzwa Kyoto na Oda Nobunaga, alikuja kujihifadhi Tomo na kuota ndoto ya kurejea madarakani, ndoto isiyotimia. Kwamba ukoo mmoja ulipata dola yake na kuizika katika bandari moja ni jambo ambalo waongozaji hulisimulia kwa furaha kubwa, nami sioni sababu ya kuwanyima furaha hiyo, ijapokuwa, kusema kweli, wakuu hao wawili walifika hapo kwa sababu ile ile iliyowaleta wauza chumvi: chombo chao kilihitaji mahali pa kusubiri.

Moyo wa matembezi yote ni bandari yenyewe, ambayo ni ghuba ndogo yenye umbo la mwezi mchanga. Husemwa kwamba ndiyo bandari pekee katika Japani iliyobakiwa na vitu vitano kwa pamoja vilivyokuwa lazima kwa bandari ya zama za utawala wa Edo, yaani taa, ngazi za mawe, kuta za kuzuia mawimbi, nyumba ya walinzi wa vyombo, na diko la kutengenezea merikebu. Taa ni mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1859, wenye kimo cha zaidi ya mita 5 juu ya ardhi na msingi mwingine unaozama baharini, na kila jioni iliwashwa kwa mafuta ili nahodha aliyechelewa ajue mlango uko wapi. Picha yake imo katika kila kadi inayouzwa mjini. Lakini mtu anayetaka kuielewa bandari na ageuze macho kutoka kwenye taa, atazame miguuni pake.

Ngazi hizo, ambazo zilijengwa katika umbo lililobakia mnamo mwaka 1811, zimeizunguka ghuba kama viti vya uwanja wa mchezo, zikishuka daraja baada ya daraja hadi chini ya maji. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na gati la kawaida, lenye kimo kimoja, lingekuwa na manufaa kwa saa chache tu za mchana. Chombo kingekuwa ama juu mno ama chini mno. Kwa ngazi hizi hakuna wakati usiofaa. Maji yakiwa juu mpagazi hushusha mzigo kwenye daraja za juu, yakiwa chini hushusha kwenye daraja za chini na kupanda nao. Daraja za juu ni nyeupe, kingo zake zimelainika kwa nyayo za watu. Za katikati zina utando wa kijani unaoteleza. Za chini ni nyeusi, zimeshikwa na mwani na viumbe wenye magamba makali ya kumkata mtu mguu, na kati ya mawe huonekana kaa wadogo wakikimbilia nyufani mara kivuli kinapowapitia. Mgeni afikaye wakati maji yamejaa huona daraja chache tu, akashangaa kwa nini amesimamishwa hapo. Akirudi baada ya saa 6 hukuta jengo zima limefunuka mbele yake. Kwa hiyo mwongozaji mwema hutazama kwanza jedwali la maji ndipo apange njia yake, na hiyo ndiyo ada ya mji huo tangu hapo kale.

Kando kidogo, mahali ambapo mtu asingedhani pana la kutazamwa, sakafu ya bahari imetandazwa mawe. Hilo ndilo lililokuwa diko. Chombo kiliingizwa juu ya mawe hayo maji yakiwa yamejaa, kikaachwa kipwelewe. Maji yalipokwisha kuondoka mafundi waliwasha majani makavu chini ya ubavu wake, moto ukaunguza mwani, ukaua wadudu wa baharini watoboao mbao, na kuukausha unyevu ulioingia ndani ya ubao. Kisha wakakalafati nyufa, wakabadili mbao zilizooza, na bamvua iliporudi chombo kikaelea chenyewe bila ya mtu kukisukuma. Hapakuhitajika roda wala lango la chuma wala mtambo wowote. Msomaji wa pwani yetu, aliyeona majahazi yakiegemezwa mchangani na kupakwa sifa na shahamu, hataona ajabu katika kanuni ya kazi hiyo. La ajabu ni mawe, kwa kuwa watu wa Tomo waliona kazi ya matengenezo ni kubwa kiasi cha kuijengea sakafu ya kudumu chini ya bahari.

Kazi ya maseremala wa merikebu iliita kazi ya wahunzi. Tomo ilijulikana kwa nanga zake na misumari yake ya vyombo, na mtaa wa wafua chuma ulikuwa na moto usiozimika. Biashara nayo iliita biashara. Kuanzia karne ya 18 vilifika vyombo vikubwa vilivyozunguka kutoka kaskazini, kwenye kisiwa cha Hokkaido, kwa njia ya bahari ya magharibi, vikiwa vimepakia mwani wa kupikia na samaki wa heringi waliokaushwa, ambao hawakuwa wa kuliwa bali walikuwa mbolea. Wakulima wa pamba wa nchi ya Bingo, ambayo Tomo ilikuwa mlango wake wa baharini, waliwanunua kwa wingi, na pamba iliyostawi kwa mbolea hiyo ikawa nguo, na nguo ikarudi bandarini kupakiwa. Maghala yaliyojengwa kwa faida ya heringi hao yangali yamesimama, yana kuta nene za udongo zilizopakwa chokaa nyeupe, na moja lao, karibu na taa, limekuwa nyumba ya makumbusho tangu mwaka 1989.

Jumba kubwa kuliko yote katika mji halikutokana na samaki bali na dawa. Mtu mmoja wa Osaka, Nakamura Kichibei, alihamia Tomo katikati ya karne ya 17, na mwaka 1659 akaanza kutengeneza kinywaji kitamu cha mchele kilicholowekwa namna 16 za mizizi, magome na mimea ya dawa, kiitwacho homeishu. Mtawala wa Fukuyama aliipa aila yake haki ya peke yake ya kukitengeneza, kikawa zawadi ya kupelekewa wakubwa, na yasemekana kilinywewa katika karamu aliyofanyiwa Komodori Perry wa Marekani mwaka 1854. Habari hiyo si ya kustaajabisha sana, kwa maana waziri mkubwa wa serikali ya wakati huo, Abe Masahiro, alikuwa ndiye mtawala wa Fukuyama mwenyewe. Haki ile ya peke yake iliondolewa katika mageuzi ya zama za Meiji, baada ya utawala wa Edo kuanguka, jumba likaingia mikononi mwa ukoo wa Ota, ambao kwa jina lao hujulikana hadi leo, na homeishu hutengenezwa sasa na nyumba nne. Mgeni hupewa kikombe kidogo sana. Rangi yake ni ya asali iliyokolea, na harufu yake ni ya mdalasini na karafuu kabla ulimi haujatambua kwamba ni pombe. Karafuu si mmea wa Japani. Ilifika huko kwa merikebu, kama nusu ya vitu vilivyomo katika kile kikombe.

Juu ya mwamba ulio karibu na bandari lipo hekalu la Fukuzenji, na kando yake ukumbi wa wageni uliojengwa mnamo mwaka 1690 na kuitwa baadaye Taichoro. Hapo ndipo walipokaribishwa wajumbe wa wafalme wa Korea. Kati ya mwaka 1607 na 1811 Korea ilipeleka Japani safari 12 za ubalozi, kila safari ikiwa na mamia ya watu, wanavyuoni, waganga, wachoraji na wapiga ngoma, na nyingi katika safari hizo zilipita Bahari ya Seto na kutua Tomo. Dirisha la ukumbi ni pana kama ukuta, na kwa yule aketiye juu ya mkeka nguzo zake humkatia picha iliyotulia: kisiwa cha Benten na pagoda yake ndogo, nyuma yake kisiwa cha Sensui, nyuma yake bahari. Mwaka 1711 mjumbe mmoja, Yi Bang-eon, aliandika kwa khati kubwa kwamba mandhari hiyo ni ya kwanza katika nchi zote zilizo mashariki ya kisiwa cha Tsushima, na ubao uliochongwa maneno yake ungali umetundikwa ukumbini. Wageni husoma sifa hizo na kutazama nje. Mimi naona lenye thamani zaidi ni lile lililokuwa ndani, yaani wanavyuoni wa mataifa mawili yasiyofahamiana kwa ulimi, wakiandikiana mashairi kwa herufi za Kichina walizozijua wote, wakati mabaharia huko chini wakitazama maji. Nyaraka zilizohusu balozi hizo, na zile za Fukuzenji zikiwa miongoni mwao, zimo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia tangu mwaka 2017.

Hata hivyo, hakuna kisa kinachosimuliwa katika vichochoro vya Tomo kwa bidii kama kile cha samurai Sakamoto Ryoma, na kwa kuwa ndani yake mna somo juu ya uaminifu wa waongozaji, nitakaa nacho kidogo. Mwaka 1867, usiku, merikebu ya moshi Iroha Maru, iliyokuwa imekodiwa na kikundi cha Ryoma cha biashara ya baharini, iligongana katika maji ya karibu na merikebu kubwa zaidi, Meiko Maru, mali ya watawala wa Kishu, ambao walikuwa jamaa wa shogun mwenyewe. Iroha Maru ilivutwa kuelekea Tomo lakini ikazama kabla ya kufika. Ryoma na watu wake waliokolewa, wakaletwa mjini. Na kwa kuwa alikuwa na maadui serikalini alifichwa katika chumba cha darini, nyumbani kwa mfanyabiashara Masuya Seiemon, akitumia jina la uongo. Mazungumzo juu ya dhima yalifanyika katika nyumba ya mfanyabiashara mwingine na katika Fukuzenji, yakahamia Nagasaki, na Ryoma, aliyekuwa samurai wa cheo cha chini, aliwakabili wawakilishi wa mojawapo ya nyumba kubwa kabisa za nchi akishika mkononi sheria ya mataifa, jambo ambalo Wajapani wachache sana walikuwa wamelisikia. Kishu ilikubali kulipa fidia ya sarafu za ryo 83,526, ambazo baadaye zilipunguzwa kuwa 70,000. Kabla ya mwaka kwisha Ryoma aliuawa Kyoto.

Chumba kile cha darini kiligunduliwa mwaka 1989, na mgeni hukipanda kwa ngazi iliyosimama karibu wima, akainama, akajionea udogo wake. Sasa, katika madai yake Ryoma alisema kwamba merikebu ilikuwa imepakia bunduki za kisasa kwa mamia, na sehemu ya fidia ilihesabiwa kwa bunduki hizo. Wapiga mbizi walioyachunguza mabaki ya merikebu chini ya bahari kwa mara kadhaa, hata mwaka 2006, hawakuona bunduki hata moja. Vitu walivyoviona, vya kawaida kabisa, vimewekwa katika ghala lile la makumbusho nililolitaja. Husimuliwa mara nyingi kwamba Ryoma aliwatisha Kishu kwa werevu wake, na wasikilizaji hucheka; wachache huulizwa kama werevu huo, ukitendwa na mtu tusiyempenda, tungeuita kwa jina gani.

Iroha Maru ilizama, lakini ndugu zake wa moshi walikuja kwa wingi, na hao ndio waliouua ukubwa wa Tomo. Merikebu ya moshi haingoji maji. Ilipita mbele ya ghuba bila kupunguza mwendo, na bandari zenye kina kirefu na nafasi pana zikachukua shehena. Mwaka 1891 reli kuu ya pwani ilifika Fukuyama, ikaiacha Tomo kilomita zaidi ya 10 nyuma ya vilima; wenyeji walijenga reli yao ndogo mwaka 1913 ili waifikie ile kubwa, nayo ikaendeshwa hadi 1954, na kampuni yake, ambayo haina tena hata pande moja la reli, hadi leo huendesha mabasi kwa jina la reli ile ile. Mwaka 1956 mji ukaingizwa katika manispaa ya Fukuyama, ambayo zamani ilikuwa ikiitegemea Tomo kwa kila kitu kilichotoka baharini. Umaskini uliofuata ndio uliohifadhi nyumba. Mwenye fedha hubomoa na kujenga upya. Asiyekuwa nazo huziba paa linalovuja, na baada ya miaka 100 ya kuziba paa wataalamu huja na kusema kwamba mitaa ya mji inalingana na ramani za enzi ya Edo.

Yafaa ikumbukwe kwamba utalii haukuanza na nyumba hizo. Watalii wa kwanza walikuja kutazama bahari. Wavuvi wa Tomo wana mtindo wao wa kuvua tai, samaki mwekundu ambaye kwa umbo hayuko mbali na changu, na ambaye huingia Bahari ya Seto wakati wa masika ya huko, mwezi wa Mei, kuja kutaga. Madau mawili huuzungusha wavu mrefu, yakapishana, yakaufunga na kuuvuta pamoja, huku samaki wakichemka juu ya maji. Mwaka 1923 uvuvi huo ulianza kuonyeshwa kwa wageni, na huonyeshwa hadi leo kila mwaka, pamoja na dua ya kuomba neema kwa Benten, mlinzi wa bahari. Mwaka 1934 maji na visiwa vya sehemu hiyo vikawa ndani ya mojawapo ya mbuga tatu za taifa zilizotangulia kuundwa katika Japani. Miyagi Michio, mpigaji kinanda cha koto asiyeona, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Tomo, alitunga mwaka 1929 muziki wa Haru no Umi, ambao Wajapani huusikia kila mwaka mpya. Kila kitu kilielekeza macho nje, kwenye visiwa. Hoteli zilijengwa zikiupa mji kisogo.

Kilichoyageuza macho hayo yakautazama mji ni ugomvi. Njia ya magari inayopita Tomo ni nyembamba mno, mahali pengine gari mbili hazipishani, na mwaka 1983 serikali ya jimbo ilitoa mpango wa kufukia sehemu ya ghuba na kujenga daraja la karibu mita 180 juu ya mdomo wa bandari, mbele kabisa ya taa na ngazi. Wenyeji waligawanyika. Ni rahisi kwa mtu wa mbali kuwaona waliolitaka daraja kuwa ni watu wasiothamini urithi wao, walakini hiyo si insafu: mtu aliyengoja gari la wagonjwa likiwa limekwama nyuma ya lori kichochoroni, au aliyehofia moto katika mtaa wa nyumba za mbao usioweza kupitisha gari la zimamoto, alikuwa na hoja iliyo nzito kuliko picha ya kwenye kadi. Wapinzani nao walikuwa na hoja yao, kwamba ghuba ikifukiwa haifukuliki. Mji uliingizwa katika orodha ya dunia ya mahali palipo hatarini mwaka 2002. Wenyeji waliopinga walifungua daawa mwaka 2007. Na katikati ya kesi hiyo, mwaka 2008, ikatoka filamu ya katuni ya Ponyo ya Miyazaki Hayao, ambaye alikuwa amekaa Tomo majuma kadhaa akiwazia kazi yake, na ambaye pia alisaidia kuchora matengenezo ya ile nyumba ya mazungumzo ya Ryoma ilipofanywa kuwa nyumba ya wageni. Tarehe 1 Oktoba 2009 mahakama ya Hiroshima iliamua kwamba mandhari ya Tomo ni haki inayolindwa na sheria, kwamba hasara yake haingerudishika, na kwamba gavana asitoe ruhusa ya kufukia bahari. Hukumu ya kuizuia serikali kabla haijaanza kujenga, kwa ajili ya mandhari, ilikuwa jambo geni katika Japani. Gavana mpya aliuacha mpango mwaka 2012 na kupendekeza handaki lipite chini ya mlima, na mwaka 2016 shauri likafungwa rasmi. Mwaka uliofuata mtaa wa kale ukaingizwa katika orodha ya taifa ya majengo yanayohifadhiwa, miaka 42 tangu sheria ya hifadhi ya namna hiyo ilipotungwa mwaka 1975.

Kwa sababu hiyo matembezi ya Tomo yana uzito ambao mengine hayana. Pale mwongozaji asimamapo kando ya taa na kunyoosha mkono kuelekea mdomo wa bandari, kila mtu wa mji anajua ni kitu gani kingalikuwapo hapo. Na baadhi ya wanaopita nyuma yake na mikoba ya sokoni walikitaka. Heshima ya kazi hiyo ni kusimulia pande zote mbili mbele ya majirani wanaosikia.

Lililobaki kulalamikia ni njia yenyewe. Huanzia kwa wakuu na kuishia kwa wakuu: shogun, mabalozi, wafanyabiashara wenye maghala, Ryoma darini. Mtaa wa Ariso, ambako wanawake waliouzwa na jamaa zao maskini waliwatumikia mabaharia waliokuwa wakingoja maji, hupitwa kwa maneno machache au hupitwa kimya, ingawa fedha iliingia mjini kwa mlango huo pia. Wahunzi nao hawapati nafasi kubwa. Wala hawa hawahitaji kutafutwa katika makumbusho, kwa sababu kazi yao haikufa pamoja na matanga: wazao wa ufundi huo wanafua chuma hadi leo katika viwanda vilivyo pembeni ya mji, na mgeni aliyekwisha kuonyeshwa ukumbi na jumba na chumba cha darini angefanya vyema kumwomba mwongozaji wake, kwa adabu, waongeze mwendo kidogo wakafike na huko.